Je, mwanamuziki wa roki akiwa ziarani hupata saa za kufanya kazi nyingine?

Mpiga besi, Nairobi (muulizaji)

Salaam kwenu nyote. Mimi hupiga gitaa la besi katika bendi ya roki ya watu wanne hapa Nairobi, na mchana ni mtunza hesabu wa biashara tatu ndogo ambazo ndizo hasa zinazonilipia kodi ya nyumba. Bendi moja ya Ujerumani, ambayo tuliwahi kupanda nayo jukwaa moja ilipokuja huku, imetualika tuwafungulie, yaani tupige kabla yao, maonyesho 16 ndani ya siku 19, kuanzia tarehe 8 hadi 26 Oktoba, katika miji ya Ujerumani, Uholanzi, Ucheki na Austria. Wenyeji wetu watasafiri kwa basi lenye vitanda. Sisi tutakodi vani ya viti tisa na kuiendesha wenyewe kwa zamu.

Shida yangu ni kwamba marejesho ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya wateja wangu yanapaswa kufika KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya tarehe 20 kupita, nami siku hiyo nitakuwa katikati ya safari. Onyesho letu ni la dakika 35 tu. Ukiziondoa hizo, na ukaondoa saa saba za kulala, kwa hesabu yangu zinabaki zaidi ya saa 16 ambazo sijui zinakwenda wapi. Naomba wenye uzoefu mnieleze siku ya ziarani inavyopita tangu asubuhi hadi usiku, na kama ninaweza kutegemea saa tatu za kukaa na kompyuta kila siku.

Fundi wa sauti, Köln

Ndugu yangu, nimekuwa fundi wa sauti wa ziarani kwa miaka kumi na mmoja, na jibu langu ni kwamba saa tatu utazipata, lakini zitakuja vipande vipande vya dakika kumi na tano, kila kimoja mahali penye kelele.

Chukua siku ya kawaida. Mmelala Hamburg na onyesho liko Berlin, umbali wa kilomita zipatazo 290. Chumba kinatakiwa kiachwe saa nne au saa tano asubuhi, na watu wanne wenye bafu moja huanza kugombea zamu tangu saa mbili na nusu. Ramani ya simu itakuambia safari ni ya saa tatu. Ramani hiyo haijui kwamba mpiga gitaa husahau chaja hotelini, kwamba barabara kuu ya Ujerumani haikosi kipande kinachokarabatiwa, wala kwamba kila mtu hutaka kujisaidia kwenye kituo tofauti, na vyoo vingi vya vituo hivyo ni vya kulipia. Mkifika kwa muda wa saa nne na nusu, shukuruni.

Ukumbini mnatarajiwa saa tisa alasiri. Hapo kazi ni ya mikono: amplifaya, masanduku ya nyaya, magitaa, fulana za kuuza, vyote vinashushwa na kupandishwa ngazi, maana kumbi nyingi za ukubwa wenu ziko chini ya ardhi au juu ya baa. Kisha mnasubiri, na hapa ndipo watu wageni na kazi hii hupotoka. Bendi kuu hupima sauti kwanza kwa sababu vifaa vyake hubaki nyuma ya jukwaa hadi usiku, na vya bendi ya ufunguzi hupangwa mbele ya hivyo. Kwa hiyo ninyi ndio wa mwisho, na ucheleweshaji wowote wa mchana kutwa, uwe wa foleni, wa kebo mbovu au wa mwimbaji aliyekwenda kununua viatu, unakatwa kwenye muda wenu. Mkiahidiwa nusu saa ya kupima sauti, jipangieni robo saa.

Huo ndio muda utakaokudanganya kwamba uko huru. Umekaa kwenye kochi lililochanika katika chumba cha nyuma, kompyuta ipo mapajani, huku ukutani kwa upande wa pili mtu anapiga drami ya mguu, moja, moja, moja, kwa dakika ishirini, kwa kuwa mwenzangu kwenye meza ya sauti hajaridhika nayo. Unaweza kuitwa wakati wowote, hivyo huwezi kwenda mkahawani. Mimi nimewahi kujaribu kujaza fomu ya kodi yangu mwenyewe katika hali hiyo, nikaandika mwaka wa kuzaliwa mahali pa mapato.

Chakula huja saa kumi na mbili jioni. Kumbi za Ujerumani, hasa zile zinazoendeshwa na vijana wa mtaa, zina sifa ya kulisha bendi vizuri kuliko za Uingereza. Mara nyingi ni sufuria kubwa la dengu au maharage yasiyo na nyama, mkate na saladi. Milango hufunguliwa saa moja, mnapanda saa mbili, na mkimaliza mna dakika zisizozidi ishirini za kuondoa kila kilicho chenu jukwaani. Halafu mmoja wenu lazima akae kwenye meza ya fulana hadi mtu wa mwisho atoke, kwa sababu kwa bendi ya ufunguzi malipo ya usiku huishia kwenye mafuta, na fulana ndizo zinazowalisha. Bendi kuu inamaliza saa nne na nusu, vifaa vinarudi garini kufikia saa sita, na kitandani mnafika saa nane usiku.

Jambo moja dogo: ratiba ya siku hubandikwa mlangoni kwa saa za Kizungu, 17.00, 19.00, 20.00. Soma mara mbili. Nilimwona kijana wa kutoka kwetu Moshi akisoma 19.00 kwa haraka, akaifanya saa tatu, akaenda kutembea mjini.

Mpiga gitaa mstaafu, Minneapolis

Naomba nitofautiane kidogo na kaka wa Köln. Nilizunguka Marekani kwa vani na bendi ya panki kwa miaka minne nilipokuwa mwanafunzi, na kozi zangu zote nilizimaliza. Ninyi wa Ulaya mna bahati ya miji iliyokaribiana. Huku ukitoka Denver kwenda Salt Lake City ni zaidi ya kilomita 800 za milima na upepo, na usiku tulilala sakafuni kwa yeyote aliyenyoosha mkono tulipouliza jukwaani nani ana nafasi.

Siri yangu ilikuwa asubuhi. Wenzangu walilala hadi kufukuzwa, mimi niliamka saa moja na kukaa jikoni kwa mwenyeji wetu na daftari langu hadi saa tatu. Saa mbili hizo ndizo pekee katika siku nzima ambazo hakuna mtu aliyenihitaji. Lakini bei yake ni usingizi, na deni la usingizi hulipwa kwa mkupuo. Wiki ya kwanza nilijiona shujaa. Kufikia siku ya kumi na moja nilikuwa nikisoma ukurasa mmoja mara tatu, na siku ya kumi na mbili nikamfokea mpiga drami wetu, mtu mpole kuliko wote niliowahi kusafiri nao, kwa sababu ya kitufe cha hita. Hesabu zako za tarehe 20 zitaangukia siku ya kumi na tatu. Mimi nisingegusa fedha za mtu siku hiyo.

Mambo mawili mengine, kwa kuwa yanahusu hiyo kompyuta. Tuliwahi kuegesha vani kwenye maegesho ya hoteli, mlango wa nyuma ukitazama barabara, na asubuhi tukakuta kioo kimevunjwa. Mkoba wangu wenye kompyuta na kazi ya miezi miwili haukuwamo tena. Tangu siku hiyo tuliegesha kinyumenyume, bampa ya nyuma ikikaribia kugusa ukuta ili mlango usiweze kufunguka, na magitaa na kompyuta tulilala navyo chumbani hata tukiwa tumechoka kiasi gani. La pili ni masikio. NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini huku Marekani, inapendekeza mtu asizidishe saa nane kwenye sauti ya desibeli 85, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100, ambazo klabu ya roki huzifikia bila shida, umebakiwa na robo saa. Wewe utasikia maonyesho mawili kila usiku, lako na la wenyeji wako, mara 16. Mlio niliobaki nao sikio la kushoto hausikiki mchana, ila nikilaza kichwa kwenye mto wa kitandani upo, kila usiku. Nunua vizibo vizuri kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Dereva wa basi la ziara, Rotterdam

Mwanangu wa Nairobi, mimi ni mtu wa Mombasa, ninaendesha haya mabasi yenye vitanda, na naona wenzangu wameeleza vizuri maisha ya vani, ila jibu lako limo ndani ya basi.

Siku ya watu wa basi haifanani na yenu. Onyesho likiisha wanakula, wanaoga ukumbini, wanaingia vitandani, nami ninaendesha usiku. Wakiamka saa tatu au saa nne, basi limeegeshwa nyuma ya ukumbi wa mji mwingine, umeme umeunganishwa, kuna meza, kuna birika la kahawa, na hakuna anayehitajika hadi mchana. Asubuhi ile ni kimya kabisa. Nimewaona wanamuziki wakifundisha watoto wao hesabu kwa simu pale mezani, na mmoja alikuwa akitafsiri mikataba. Kwa hiyo zungumza mapema na meneja wa ziara, si na wanamuziki wenyewe, umwombe kitanda kimoja kwa usiku wa tarehe 17 na 18. Basi la ghorofa mbili huku Ulaya huweza kuwa na vitanda hata 16, na mara nyingi kimoja au viwili vimejaa mikoba tu.

Ukipewa, shika adabu ya basi. Viatu huvuliwa. Choo cha ndani ni cha haja ndogo peke yake. Kwa kubwa utamwambia dereva naye atasimama, na hakuna anayekuonea haya. Lala miguu ikielekea mbele, kwa sababu nikifunga breki za ghafla ni heri uteleze kwa nyayo kuliko kwa kichwa. Hilo si mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 1986 basi la Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani, lilipinduka karibu na Ljungby, Sweden, likitoka Stockholm kwenda Copenhagen, na mpiga besi wao Cliff Burton akafariki akiwa na miaka 24. Jioni ile walikuwa wamegawana vitanda kwa kuvuta karata. Sisi madereva tunaikumbuka habari hiyo, na ndiyo maana sipendi kusikia watu wanne waliochoka wakisema wataendesha "kwa zamu".

Sheria ya Umoja wa Ulaya inanibana mimi niliyesomea kazi hii: saa tisa za usukani kwa siku, ambazo zinaweza kufika kumi mara mbili tu kwa wiki, na mapumziko ya dakika 45 baada ya kila saa nne na nusu. Vani yenu haina kifaa cha kurekodi saa hizo, basi jiwekeeni wenyewe. Tena kwetu tumezoea kuendesha kushoto na huku ni kulia. Mchana hutasahau, lakini saa saba usiku, ukitoka kituo cha mafuta kisicho na gari jingine, mkono unaweza kukupeleka nyumbani. Kama fedha zinaruhusu, mkodi dereva. Kama haziruhusu, atakayeendesha usiku asinywe, asiuze fulana, na alale saa nzima kabla ya kupanda jukwaani.

Mpiga besi, Nairobi

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nimewaandikia wateja leo kwamba nataka stakabadhi zote za Septemba zinifikie kufikia tarehe 3, ili nimalize kazi kubwa kabla ya kuondoka na nibakize ukaguzi wa mwisho tu. Mmoja amekubali, wawili wananung'unika. Meneja wa ziara amejibu kwamba kitanda kipo, ila ni cha chini kabisa upande wa nyuma.

Mpiga drami wetu anauliza abebe nini, kwa sababu shirika la ndege linatoza kila kilo.

Fundi wa sauti, Köln

Abebe vile vinavyochakaa kwa mkono wa mtu: drami ndogo ya waya, matoazi yake, pedali ya mguu na fimbo za kutosha. Drami kubwa na makabati ya spika kwa kawaida bendi kuu huwaazima wafunguzi, lakini iulizwe kwa maandishi sasa, pamoja na kigoda, kwani wengine hukataa mtu kubadilisha urefu wa kigoda chao. Wewe njoo na besi, kichwa cha amplifaya (ile sehemu isiyo na spika) kama una chepesi, na adapta nne za umeme, maana plagi za Kenya hazitoshei soketi za huku. Zulia la drami msilibebe. Ninyi mtapiga juu ya lao.

Dereva wa basi la ziara, Rotterdam

Marahaba. Kitanda hicho kiko karibu na injini: kina joto na mngurumo usiokatika. Kichukue hivyo hivyo, utavaa vizibo vile vile vya jukwaani.