Daftari lako la siri unalificha wapi? Tupeane uzoefu

MamaMchele (Jinja)

Wakuu, habari za jioni. Leo si siasa wala mpira, pumueni kidogo.

Huu ni mwaka wa sita naandika daftari kila siku kabla ya kulala. Si lile la madeni ya duka, hilo liko kaunta na kila mtu analifunua. Nasema lile lingine, linalokaa chini ya gunia la mchele, lenye maneno ambayo hata shoga yangu wa karibu hajayasikia. Wasomi wanaliita shajara. Mimi naliita daftari.

Nilianza wiki aliyozikwa mama. Usingizi hauji, nyumba imejaa wageni, na huwezi kulia kila dakika mbele za watu. Nikachukua daftari la hesabu la kijana wangu, kurasa za nyuma zilikuwa tupu, nikaanza kuandika mambo aliyokuwa akinigombeza: usimwage maji usiku, usimlipe fundi cherehani kabla gauni halijaisha, usikae karibu na mlango kwenye harusi. Nilifika kumi na saba nikasinzia hapohapo. Asubuhi nina wino shavuni.

Sasa lililonileta. Mimi Msoga, mume Mganda, nyumbani tunaongea Luganda na watoto wanajibu kwa Kiingereza. Kiswahili nilikiokota Busia, mpakani na Kenya, nikiuza mivumba (nguo za mitumba), na daftari lote nimeliandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: nyumbani hakuna anayekijua. Ndiyo kufuli yangu. Mama mkwe aliwahi kulikuta akitafuta bakuli, akaligeuzageuza, akasema haya ni mambo ya wanajeshi, akalirudisha mahali pake. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili 2005, baraza la mawaziri likakisukuma tena 2022, lakini kwa mama mkwe wangu Kiswahili bado ni lugha ya kuambiwa "lala chini".

Tatizo ni kwamba binti yangu kaingia S1, kidato cha kwanza, na shuleni wanamfundisha Kiswahili. Juzi kaniuliza, "Mama, 'nimechoka naye' maana yake nini?" Nilimwaga chai.

Kwa hiyo tupeane uzoefu. Wewe unaandika nini, unaficha wapi, na imekusaidia au umejichosha tu?

AfandeMstaafu (Mbale)

Mama, pole kwa msiba hata kama ni wa zamani. Mimi nimetumikia polisi miaka 28. Kituoni kila kitu kinaingia kwenye kitabu tunachokiita SD: saa, nani kaja, kaleta nini, namba ya kumbukumbu. Nilipostaafu mikono ikawa inawasha. Nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikafungua SD ya nyumba yangu.

Kuandika hisia sikufundishwa. Yangu yako hivi:

0610 nimeamka. Goti la kushoto.
0730 chai, hakuna sukari. Sikusema kitu.
1340 nimegombana na mama watoto, sababu mbuzi.
1500 mvua.

Basi. Mwezi wa nne malaria ikaniangusha, sina la kufanya kitandani, nikaanza kulisoma kama ninavyopekua faili. Ugomvi na mke wangu: mara 14. Kati ya hizo, mara 11 ni kati ya saa saba na saa tisa mchana, na katika siku zote hizo kumi na moja sioni mahali nilipoandika chakula cha mchana. Maisha yangu yote nimeamini nimerithi hasira za baba. Kumbe ni njaa, na huenda hata ya marehemu ilikuwa njaa. Nilipomwambia mke wangu hakushangaa. Alisema hilo alilijua tangu tulipokuwa kambini, ila sikuwahi kumuuliza.

Kuhusu binti: andika "1900 mume karudi, hakusalimia" badala ya "nimechoka naye". Hata mahakamani inasimama.

KizaziKipya

Hizi si tabia za wazungu? Sisi tunaongea na watu, hatuongei na karatasi.

MtuWaMaktaba (Kampala)

Kaka, umechelewa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1902 Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda Uingereza kwenye sherehe za kutawazwa kwa Edward VII, akafuatana na katibu wake, Ham Mukasa. Ham Mukasa ndiye aliyeandika safari yote kwa Luganda, meli, treni, watu na vituko vyao, na maandishi yake yakachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1904. Nakubali halikuwa daftari la siri. Lakini yeye ndiye aliyekuwa anamtazama mzungu na kalamu mkononi, usitugeuzie.

Na kwa wanaopenda utafiti: mwaka 1986 huko Marekani James Pennebaker na mwenzake waliwaambia wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika juu ya jambo lililowaumiza sana maishani, wengine mambo ya kawaida tu. Miezi iliyofuata, wale walioandika maumivu yao, tukio pamoja na walivyojisikia, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Watu wanapenda kuishia hapo. Hawasemi kwamba mara tu baada ya kuandika, watu haohao walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao. Tafiti nyingi zilizofuata zimeona faida ipo lakini ni ndogo, na si kwa kila mtu.

KizaziKipya

Sawa mwalimu. Nimekaa.

NesiWaZamu (Gulu)

Hapo kwenye kujisikia vibaya nitie neno. Huku kwetu wapo watu ambao ukurasa wao wa kwanza si mambo ya goti na sukari. Ukiona wiki nzima unaandika sentensi ileile, na kila ukiiandika kifua kinabana na usingizi unakimbia, funga daftari. Pennebaker mwenyewe husema jambo likikuzidi nguvu, acha au geukia lingine. Tafuta mtu wa kukaa naye, awe mshauri, awe shangazi. Mimi siku kama hizo naandika kilichopo jikoni. Sufuria mbili, kifuniko kimoja. Inatosha.

Sauda_wa_Sigiri (Kampala)

Nimekuwa nikisoma kimya, leo naandika.

Nilikuwa chuo, tunakaa wanne chumba kimoja. Nilikuwa na daftari jekundu. Jioni moja narudi, wenzangu wanapika, na mmoja kasimama katikati ya chumba analisoma kwa sauti, akiigiza sauti yangu. Alikuwa amefika pale nilipoandika juu ya mvulana ambaye hata hakujua naitwa nani. Sikulia. Nilichukua sahani, nikapakua wali wangu, nikala mpaka ukaisha. Nikakaa miaka mitatu bila kuandika neno ambalo si la mtihani.

Niligundua kitu kimoja kabla ya kuacha kabisa, na ndicho kilichoniuma zaidi. Siku mbili tatu baada ya tukio nilijaribu kuandika tena, nikaona sentensi zimenyooka, zina adabu, kama barua ya kuomba kazi. Nilikuwa namwandikia yule msomaji. Daftari lilikuwa langu lakini mimi simo.

Sasa naandika kwenye karatasi moja moja. Nikimaliza naisoma mara moja, naikunja, naiweka kwenye sigiri chini ya makaa. Chai ya asubuhi inachemka nayo. Watu wananiuliza faida yake nini kama huwezi kurudi kusoma. Faida ni kwamba nimerudi kusema ukweli.

AfandeMstaafu (Mbale)

Binti, unachoma ushahidi.

Sauda_wa_Sigiri (Kampala)

Ndiyo, afande.

DerevaWaFoleni (Malaba kwa sasa)

Mimi ni Mombasa–Kampala miaka tisa. Mnaojua Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mnajua: foleni ya malori ikikukamata, simu inaisha chaji, turnboy (utingo) kalala, redio inarudia tangazo lilelile. Nilianza kuandika nyuma ya kitabu cha mafuta ili nisigombane na watu.

Sheria yangu ni moja: kila siku kitu kimoja nilichokiona leo ambacho jana sikukiona. Sentensi moja, mbili. Mwanzo ilikuwa taabu, wiki ya kwanza nimeandika "lori" mara tatu. Baadaye macho yakafunguka. Kuna mama anauza mayai ya kuchemsha hapa, anapasua yai kwa ukucha wa kidole gumba, anabana kachumbari ndani, hajawahi kuangusha hata kitunguu. Siku moja nikaona kucha zake za mkono wa kulia zina rangi nyekundu, za kushoto hazina. Nikaandika hivyo tu. Nilipopita tena nikamuuliza, akacheka: rangi iliisha, na pesa ya chupa nyingine alilipia daftari za mtoto.

Binti yangu yuko Tororo kwa bibi yake, nampigia kila usiku. Nilikuwa namwambia "umekula? umesoma?" halafu kimya. Siku hiyo nikamsimulia hadithi ya mwanamke mwenye mkono mmoja wa sikukuu na mkono mmoja wa kazi. Mkono wa sikukuu unakataa kumenya mayai. Aliniuliza maswali mpaka salio likakatika. Sasa hadithi zimefika arobaini na kitu, na zote zimetoka kwenye kile kitabu cha mafuta. Mimi niliyefeli insha!

FundiGomesi (Kisenyi)

Dereva, iandike hiyo, tutanunua.

Mimi naandika alfajiri kabla sijawasha simu. Kurasa tatu, kalamu haisimami. Niwaambie ukweli, ukurasa wa kwanza ni takataka: kodi ya chumba, umeme, mteja aliyekuja na kitambaa kifupi akitaka nguo ndefu. Wa pili namsema mtu. Kitu kizuri kikija huwa kinakuja kwenye ukurasa wa tatu, wakati nimechoka kujilalamikia, na siku nyingi hakiji.

Ila kuna siku kilikuja. Gomesi, lile gauni refu la heshima la wamama wa Uganda, inakula mpaka mita sita za kitambaa, na katika mita zote hizo hakuna mahali pa kuweka simu. Wamama kwenye harusi wanahangaika na mikoba, wanaisahau chini ya viti. Siku hiyo nilikuwa naandika juu ya jaja (bibi) yangu, sina nia yoyote, nikaandika kwamba alikuwa anafunga pesa zake kwenye fundo ndani ya mshipi wa gomesi, na sisi wajukuu tulikuwa tunapapasa fundo kujua kama leo kuna pipi. Kalamu ikasimama yenyewe. Nikaenda kwenye cherehani hata uso sijanawa, nikashona mshipi wenye mfuko kwa ndani, zipu fupi, kwa nje huoni kitu. Naongeza shilingi 5,000 tu. Wateja wa kwanza walikuwa wa ukwaju, sorry, wa kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), sasa hata wa misibani wanauliza.

Hilo wazo sikulitafuta. Ningekaa chini nibuni mshipi, ningebuni maua.

KizaziKipya

Mimi nimeanza leo kwenye simu. Kuna programu zenye namba ya siri. Karatasi ya nini?

MamaMchele (Jinja)

Simu ikiibiwa barabarani je?

DerevaWaFoleni (Malaba kwa sasa)

Na karatasi ikiliwa na mchwa je? Daftari langu la 2019 nilikuta limebaki jalada na pini. Nikaandika kuhusu mchwa.

MamaMchele (Jinja)

Nimerudi na majibu, maana wengine mmenitumia ujumbe pembeni mkiuliza nilimfanya nini mtoto.

Nimesoma yote. Ushauri wa Afande nilijaribu siku mbili, ya tatu nikajikuta nimeandika "2100 mume anakoroma kama mtu asiye na deni", nikaona SD si fani yangu. Sigiri siwezi, nina mambo ya mama mle daftarini. Jumamosi nikanunua sanduku la bati sokoni, la kufuli, kisha nikamwita binti jikoni. Nikamuuliza uso kwa uso kama amelisoma.

Akasema ukurasa mmoja tu, wa juu, alipokuwa anapima mchele. Halafu, wala haogopi, akaniambia nimekosea: mwalimu wao kawafundisha kwamba mtu akikuchosha unasema "nimechoshwa naye".

Nikanyamaza. Akamenya viazi viwili, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni baba?"

Nikamwambia aendelee kumenya. Ukurasa ule ulikuwa wa bibi yake.