Kocha wa timu ya kiangazi kaniletea bahasha na fomu ya ulezi. Nisaini?

mama_wa_watatu (Louisville, Kentucky)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya kikapu hapa Marekani.

Sisi ni wa Uvira, tulifika Louisville kupitia kambi ya Nyarugusu. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, urefu futi 6 na inchi 8, na bado suruali zinamkimbia kila baada ya muda. Anacheza shuleni, na kiangazi anachezea timu ya AAU, zile timu za nje ya shule zinazosafiri majimbo. Mwenye timu ni mtu mpole. Amekula sombe mezani kwangu, watoto wanamwita anko.

Juzi alikuja na viatu vya watoto wote watatu, na bahasha. Akasema hiyo ni ya kodi ya nyumba, nisione aibu. Halafu akatoa fomu. Anataka niisaini awe mlezi wa kisheria wa kijana, ili amhamishie shule ya kikapu jimbo jingine ambako makocha wa vyuo vikuu wanafika kila wiki. Nikamwuliza, je, hii si rushwa? Akajibu hayo ni ya zamani, siku hizi wachezaji wa vyuo wanalipwa wazi.

Sijafungua bahasha, sijasaini. Lakini kodi ni kodi. Mnasemaje?

---

Kaka_Mkubwa_Dallas

Mama, pokea. Kweli sheria imebadilika tangu Julai 2021, mchezaji wa chuo analipwa kwa jina na sura yake. Vyuo vinavuna mabilioni, sisi wageni ndio tunaogopa bahasha. Kijana akifika NBA utajenga Uvira ghorofa.

---

Kocha_wa_Jumamosi (Louisville)

Mama, shikamoo. Nafundisha watoto kikapu hapa mjini, wengi wao wa kwetu: Wakongo, Warundi, Wasomali, Watanzania wachache. Nakuomba bahasha ikae ilivyo na fomu usiiguse kwa kalamu. Na nikueleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu mji unaoishi ndio uliovunjiwa jina na bahasha za namna hiyo.

Tarehe 26 Septemba 2017, waendesha mashtaka wa serikali kuu huko New York walitangaza kuwakamata watu 10. Wanne walikuwa makocha wasaidizi wa vyuo vikuu: Chuck Person wa Auburn, Lamont Evans wa Oklahoma State, Book Richardson wa Arizona na Tony Bland wa USC. Wengine walitoka upande wa viatu na udalali. Kulikuwa na James Gatto, mkubwa wa masoko ya kikapu pale Adidas. Kulikuwa na Merl Code aliyefanya kazi na kampuni hiyo, na Christian Dawkins, kijana wa Saginaw, Michigan, aliyekuwa akipigania kuwa wakala wa wachezaji. FBI walikuwa wakiwasikiliza kwenye simu, na mshauri mmoja wa fedha, aliyekuwa ameiba pesa za wateja wake mwenyewe, alikubali kuvaa kinasa sauti ili apunguziwe adhabu.

Kulikuwa na njia mbili za pesa. Ya kwanza ilipita kwa makocha wasaidizi. Dalali anamlipa kocha, kocha anamshawishi mchezaji na mama yake kwamba dalali huyu ndiye wa kumwamini pesa za NBA zitakapokuja. Mchezaji hajui kwamba kocha anayemwita "mwanangu" kalipwa kusema vile. Person, aliyekuwa mchezaji bora chipukizi wa NBA mwaka 1987, alipokea dola 91,500. Evans 22,000. Richardson 20,000. Bland 4,100. Kwa kiasi hicho mtu aliuza imani ya familia nzima.

Njia ya pili ndiyo inayofika mlangoni kwako. Adidas walikuwa na mkataba na Chuo Kikuu cha Louisville. Mwezi Agosti 2017 ulitangazwa mpya, wa miaka 10 na dola milioni 160. Kampuni inayotoa pesa kiasi hicho inataka chuo chake kishinde, na inataka wachezaji wanaokwenda NBA wawe wamezoea kiatu chake. Kulikuwa na kijana, Brian Bowen, wa Saginaw vilevile, mmoja wa wachezaji bora wa sekondari nchini. Familia yake ilikuwa ikimfahamu Dawkins siku nyingi. Ikapangwa baba yake alipwe dola 100,000 kwa awamu ili kijana aje Louisville. Kampuni kubwa haiwezi kuandika kwenye vitabu vyake "malipo ya baba wa mchezaji", kwa hiyo zilitengenezwa ankara za uongo na pesa ikapitishwa kwenye timu ya kiangazi. Timu ya kiangazi, mama. Timu ya aina ile ile ambayo mwanao anaichezea.

Awamu ya kwanza ndiyo iliyotoka, kisha polisi wakabisha hodi. Rick Pitino, kocha mkuu, alisimamishwa siku iliyofuata na kufukuzwa Oktoba. Yeye amekana siku zote kwamba alijua. Gatto, Code na Dawkins walitiwa hatiani Oktoba 2018. Gatto akapewa miezi tisa, wenzake miezi sita kila mmoja.

Sasa sikiliza upande wa kijana. Bowen hakucheza hata dakika moja ya kikapu cha chuo. Louisville walimweka nje, akahamia South Carolina, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, nao wakamzuia. Akaenda Australia kuchezea Sydney Kings. Baba yake alitoa ushahidi mahakamani kwa makubaliano ya kutoshtakiwa, na alipoulizwa kuhusu mwanawe akaangua kilio kizimbani. Kijana baadaye aliishtaki Adidas. Mahakama ya rufaa ikamkatalia mwaka 2023, kwamba kupoteza ruhusa ya kucheza NCAA si hasara ya biashara wala mali kwa mujibu wa sheria aliyoitumia. Kwa hiyo ndoto yake ilikuwa na bei siku ya kuinunua, lakini siku ya kulipa fidia ikaambiwa si mali. Hili linaniuma kuliko yote, na ninalisema kwa wazazi kila mwaka.

Mwanao ni mrefu na ana bidii inayoonekana. Atafutwe kwa mlango wa mbele.

---

sheria_kwa_kiswahili (Maryland)

Niongezee kwa upande wa sheria, maana wengi wanadhani hongo ni lazima iwe kwa mtumishi wa serikali. Makocha wale wanne walikiri makosa chini ya sheria ya shirikisho inayogusa taasisi yoyote inayopokea zaidi ya dola 10,000 za serikali kuu kwa mwaka. Chuo kikuu karibu chochote kimo humo, hata cha binafsi kama USC. Kocha msaidizi akipokea pesa ili atumie kazi yake kumnufaisha mtu, hiyo ni hongo.

Kesi ya kina Gatto ilikuwa tofauti. Walishtakiwa kwa ulaghai, na vyuo (Louisville, Kansas, NC State) vikatajwa kuwa ndivyo vilivyolaghaiwa, kwa sababu vilitoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji ambao tayari walikuwa wamepoteza sifa ya kucheza, kwa kuwa familia zao zililipwa. Wengi tuliosoma kesi ile tulishangaa: chuo kinavuna mamilioni kutoka kampuni ya viatu, halafu kinasimama kama mhanga. Lakini rufaa ilisikilizwa na hukumu ikathibitishwa Januari 2021.

Kuhusu sasa: kuanzia msimu wa 2025-26, kwa makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, kila chuo chenyewe kinaweza kugawa kwa wanamichezo wake pesa hadi kikomo cha mwaka, kilichoanza na takriban dola milioni 20.5, na mikataba ya watu wa nje ya dola 600 na kuendelea inapaswa kuripotiwa. Neno la kushika hapo ni kuripotiwa. Bahasha ya kodi iliyoachwa mezani haina mkataba, haina jina la mtoaji, haina ripoti.

---

Kaka_Mkubwa_Dallas

Nimesoma, na sijashawishika. Kocha, umesema mwenyewe: chuo milioni 160, baba laki moja. Na nani alifungwa? Richardson na Evans walikwenda jela miezi mitatu mitatu. Makocha wakuu wako wapi? Pitino anafundisha chuo cha St. John's. Bill Self wa Kansas alisimamishwa mechi 4 tu. Kwa nini maskini ndiye ahubiriwe?

---

Kocha_wa_Jumamosi

Kaka, hapo unasema kweli na sitakupinga. Wasaidizi wote wanne waliokamatwa walikuwa Weusi, watu wanaotumwa kukaa sebuleni na akina mama. Richardson alifungiwa na NCAA miaka 10. Kansas walitwaa ubingwa wa taifa Aprili 2022 kesi yao ikiwa bado inasubiri, na uamuzi ulipotoka 2023 walifutiwa ushindi wa mechi 15 na kufika kwao nusu fainali ya taifa (Final Four) ya 2018. Wakubwa walinyeshewa kidogo tu. Kama hoja ni kwamba pesa igawiwe haki kwa wachezaji, mimi niko upande wako tangu zamani.

Lakini mama hakuulizia haki ya dunia. Ameuliza kama asaini. Na Kansas hiyo hiyo ilikuwa na kijana wa Kiafrika, Silvio De Sousa wa Angola. Aliletwa Marekani na mlezi. Mlezi akapokea dola 2,500 kutoka kwa mtu wa Adidas, T.J. Gassnola, ambaye alieleza hayo mahakamani. Mwaka 2019 NCAA ikamfungia kijana msimu uliobaki na msimu mzima uliofuata. Chuo kilikata rufaa, huo msimu wa pili akarudishiwa, lakini hebu fikiria mtoto wa watu, mbali na kwao, anaambiwa kaa nje kwa sababu ya pesa aliyoshika mtu mwingine.

Ndiyo maana fomu inanitisha kuliko bahasha. Bahasha inarudishwa. Ukishasaini, anayeongea na vyuo kwa niaba ya mwanao ni yeye. Atakayeletewa pesa ni yeye. Na lawama itakayokuja itamfuata kijana kwa jina lake. Hata kama mtu huyu ni mwema (anaweza kuwa mwema, simjui), mwulize maswali haya akiwa amekaa: timu yake inadhaminiwa na nani? Hiyo shule ya jimbo jingine inamlipa nini kwa kila mtoto anayempeleka? Nani analipia karo, na mkataba uko wapi? Ya kodi ya nyumba imetoka mfukoni mwake au mfukoni mwa nani?

Mtu aliye safi hatakasirika.

---

mama_wa_watatu

Asanteni sana. Kuna mambo mawili sikuyaandika mwanzo.

Aliniambia nisimweleze kocha wa shule mpaka karatasi zitoke. Na alipoona picha ya mtoto wa dada yangu aliyeko Uvira, naye mrefu, akasema anaweza kumpatia karatasi za shule aje Marekani. Dada yangu ameshaanza kuuza vitu.

---

Kocha_wa_Jumamosi

Mama, mpigie dada yako leo hii asiuze kitu.

Karatasi hiyo inaitwa I-20. Shule yenye kibali inaitoa, mtoto anaipeleka ubalozini, anapewa viza ya mwanafunzi. Kule Charlotte, North Carolina, mkuu wa shule moja ya binafsi alikiri mahakamani kwamba alitoa karatasi hizo kwa wanafunzi wa kigeni wapatao 75 ambao hawakusoma kwake. Makocha walikuwa wakimlipa kama dola 1,000 kwa mtoto. Watoto walitawanywa kwenye timu huku na kule, na viza haina maana tena ukiwa husomi pale ilipoandikiwa. Mtoto wa namna hiyo akigombana na kocha, au akiumia goti, hana pa kwenda.

Na mjue tofauti ya watoto hawa wawili. Wako, kama ana ukazi wa kudumu, anaweza kulipwa kihalali akifika chuo. Wa dada yako angekuja kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inabana kazi. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, aliyekuwa mchezaji bora wa vyuo vyote mwaka 2022 akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky, hapa hapa jirani, alilazimika kufanya matangazo yake timu ilipokwenda Bahamas, nje ya Marekani, kwa sababu ya viza. Kama nyota vile ilibidi avuke bahari, mtoto wa Uvira mwenye karatasi za mashaka atafanyaje?

Hilo la kumficha kocha wa shule limenitosha. Mwambie kesho.

---

sheria_kwa_kiswahili

Bahasha irudishwe mbele ya shahidi, bado imefungwa, na uandike tarehe. Piga picha fomu kabla ya kuitoa mkononi. Viatu pia virudi kama havijavaliwa. Kama vimevaliwa, mwambie kocha wa shule ukweli. Habari za kuhama shule na ulezi ziulizwe KHSAA, chama cha michezo ya sekondari Kentucky, ofisi yao iko Lexington. Omba mkalimani wa Kiswahili, usione haya.

---

mama_wa_watatu

Nimeongea na dada yangu. Alilia, lakini amesimamisha kuuza. Viatu vya wadogo vimeshavaliwa kanisani, vya mkubwa viko ndani ya boksi. Bahasha nitairudisha Jumapili mchungaji akiwepo. Kocha, unaweza kukaa nami nikiongea na kocha wa shule? Kiingereza changu kinakwama nikikasirika.

---

Kocha_wa_Jumamosi

Nitakuja. Nitumie saa kwenye ujumbe wa faragha, na kijana naye awepo, asikie kila neno.