Ndege ya injini moja au basi la usiku: nyinyi mngepanda ipi?

Mama Wawili
Wakuu, naomba ushauri wa kweli, si wa kunitia moyo tu. Kazi inanipeleka mji wa jirani kila baada ya wiki mbili. Kwa basi ni masaa tisa, nusu yake gizani. Safari iliyopita dereva alisinzia. Nilikuwa kiti cha tatu nyuma yake, nikakiona kichwa kinashuka taratibu kama mtu anayeitikia jambo, kikashtuka, kikashuka tena, mpaka utingo akampiga bega. Tangu siku hiyo silali njiani, nabaki kumlinda dereva kwa macho.

Sasa kuna ndege inaruka kutoka kiwanja chetu kidogo, dakika 50 tu. Ni Cessna Caravan. Nimekwenda kuichungulia kwenye uzio: pangaboi moja! Shemeji yangu anaiita pikipiki yenye mabawa. Je, ni salama kuliko barabara, au ndiyo naruka mkojo nakanyaga mavi (samahanini kwa lugha)?

Tai Mweusi
Panda tu dada. Shirika la Afya Duniani linakadiria barabara zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka. Ndege ndiyo usafiri salama kuliko wote, hilo halina mjadala.

Mzee wa Mizani
Mjadala upo, mkuu. Sifa hiyo ni ya mashirika yenye ratiba na ukaguzi mkali. Ukienda kwenye vindege vya watu binafsi, hesabu inabadilika kabisa: Marekani kwa mfano, ajali za kuua huko ni kama moja kwa kila saa 100,000 za kuruka, mbaya kwa mbali kuliko ndege za mashirika. Na Caravan hiyohiyo unaweza kuikuta pande zote mbili. Kwa hiyo usiulize ndege, uliza wenyewe.

Nimepima na kupakia mizigo kwenye kiwanja kidogo miaka 11. Injini sikuwahi kuiogopa. Ile ni ya tabini (jamii ya injini za jeti, ila hii inazungusha pangaboi), ukoo unaoitwa PT6, ndiyo hiyohiyo iliyofungwa mbili kwenye kile kindege cha Twin Otter. Caravan iliruka mara ya kwanza mwaka 1982 na imezoea viwanja vya changarawe. Injini ikizima haidondoki kama embe. Inateleza hewani, na mabawa yanaendelea kuibeba mpaka mwendo ushuke kwenye kilomita 113 hivi kwa saa. Basi lako usiku linakwenda hivyo.

Nilichokiogopa ni haraka ya watu. Siku moja wingu lilikalia kilima kilichopo mbele ya njia ya kurukia. Rubani, binti mdogo tu, alikaa kwenye tairi akasema, "Nikikiona kile kilima chote, tunaondoka." Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Abiria mmoja akampigia simu mwenye ndege, akafoka weee, kisha akamkabidhi binti simu kwa ushindi. Tulisikia sauti upande wa pili: "Wewe ndiye uliyeko huko. Mimi sikioni hicho kilima." Akakata. Tuliruka kesho yake. Kwa tajiri wa namna hiyo ningempandisha hata mama yangu.

Na mizani usiionee haya. Ukiambiwa simama na mkoba mkononi, simama. Nimeshaona mtu kaficha vitabu ndani ya koti! Chukua safari ya asubuhi ukiweza, kwa sababu jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kunyanyuka, na huko juu mtatikiswa. Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, lakini wewe tafuta wanaoweka wawili.

Tai Mweusi
Hapo kwa mwenye ndege nimevua kofia.

Mama Wawili
Nimerudi, wakuu. Leo nimekwenda dirishani kwao nikauliza kama marubani ni wawili. Ni wawili. Nikauliza tena, mara ya mwisho mlighairi safari lini? Kijana akanitazama kama nimekuja kumdai. "Jumanne, dada. Ukungu. Wateja walitutukana sana."

Nikakata tiketi, Ijumaa asubuhi. Begi langu nimelipima nyumbani, kilo 11. Kuhusu kutikiswa, nikae wapi?

Mzee wa Mizani
Usawa wa bawa, mkia ndio unaocheza zaidi. Ila ukikuta wanawapanga kwa uzito usibishane nao.
Hizo kilo 11, mkoba umo?

Mama Wawili
…Haumo.