MJADALA: Ushuru wa mafuta ya kula ya nje usiguswe kwa misimu mitano, au tuendelee kuubadili kila Juni?

Ekari_Sita

Wakuu, salaam. Nalima alizeti Iramba, Singida, na mambo ya kodi huwa nawaachia wenyewe. Leo nimechoka. Kila anayekuja kutusaidia analeta somo lilelile: mbegu bora, nafasi ya sentimita 75 kwa 30, palizi ya mapema, mizinga ya nyuki pembeni mwa shamba. Sibishi, na mizinga nimetundika. Ila shida yangu haiko shambani, iko kwenye kalenda.

Huku tunapanda Desemba mpaka Januari, tunavuna Mei na Juni. Bajeti inasomwa katikati ya Juni, alizeti ikiwa bado imeanikwa kwenye turubai. Siku hiyo ndiyo najua kama ushuru wa mawese ya nje, yanayoshindana na alizeti yetu, umepanda au umeshuka. Mnunuzi naye anajua siku hiyohiyo, na bei inabadilika kabla sijashona mdomo wa gunia. Nimepanda kwa ushuru mmoja, nauza kwa mwingine.

Angalieni mtiririko. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru: asilimia 25 kwa mafuta ghafi, 35 kwa yaliyosafishwa. Tukapata moyo. Msimu wa 2021/22 ikaja mbegu ya ruzuku ya Wakala wa Mbegu, aina ya Record, kwa shilingi 3,500 kilo, Singida, Dodoma na Simiyu tukalima kwelikweli. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikapandisha bei ya mafuta duniani, Indonesia nayo ikazuia mawese yake kutoka kuanzia mwisho wa Aprili, karibu mwezi mzima. Serikali ikalegeza ushuru ili watu wapumue. Bei ya nje ikashuka, ulegevu ukabaki, na mavuno ya 2023 yakakuta soko limeshiba. Ruzuku ya mbegu kwa mkono huu, na mkono mwingine unafungua bandari.

Afrika Mashariki tuna kiwango cha pamoja cha juu, asilimia 35, tangu Julai 2022. Lakini nchi inaruhusiwa kuomba kiwango chake kwa mwaka mmoja mmoja. Huo mwaka mmoja mmoja ndio unatuumiza. Nataka kiwango kitangazwe leo, kisiguswe misimu mitano. Karibuni mnipinge.

MamaChipsi_Mbagala

Pole kaka yangu, ila umesahau kuna mtu anakaanga. Mimi nanunua ndoo ya lita 20. Mwaka huo wa 2022 unaoutaja, ndoo ilipanda mpaka nikapunguza chipsi kwenye sahani, na bodaboda wakanisema mbele ya wateja. Bei ya nje ikiruka tena, nisubiri misimu mitano ndiyo nipate nafuu?

Halafu mafuta yenu ya alizeti nimeshayajaribu. Yakipata moto yanatoa povu mpaka linamwagikia jiko. Hilo mbona hulisemi?

Ekari_Sita

Dada, la povu umenishika. Hayo ni mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa tu, hayajasafishwa. La bei nalirekebisha: bei ya nje ikivuka kiwango fulani, ushuru ulegee, ikishuka urudi wenyewe. Ila kiwango hicho nikijue Desemba nikiwa na mbegu mkononi, siyo Juni.

Mkamuaji

Niongee kama mwenye mashine. Mkuu Ekari_Sita, mbegu unaidharau mno. Gunia la kilo 65 la Record linanipa lita 16, likiwa zuri 18. Chotara safi, gunia hilohilo, linavuka 22. Wengi mnaoniletea mnapanda mlichovuna mwaka jana, kimeshachanganyika na cha jirani (hao nyuki unaowasifu wanabeba chavua za kila shamba), na kila msimu mafuta yanapungua. Mnalia bei kwa kilo wakati mimi nanunua mafuta yaliyomo ndani ya kilo.

Kwenye kalenda nakuunga mkono, tena kwa uchungu. Mashine inazunguka miezi mitano, iliyobaki inalala kwa kukosa alizeti ya kukamua. Benki nikikopa niweke mtambo wa kusafisha, wataniuliza mwakani ushuru utakuwaje. Nitawajibu nini? Ule msamaha wa VAT wa 2022/23 ulihusu mafuta yaliyosafishwa mara mbili, yaani viwanda vikubwa. Sisi wa mashine moja tulisoma gazetini tukaendelea kuuza mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Na niseme ukweli, mashudu ndiyo yananiweka mjini. Lori la Kenya likija, nalipa umeme.

Ufuta_Lindi

Mnahangaika bure. Ingieni stakabadhi ghalani kama sisi wa ufuta. Mnakusanya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unapigwa mnada, mwenye bei anachukua.

Ekari_Sita

Ufuta wako unagombewa na wanunuzi wa nje, mzee. Alizeti inanunuliwa humuhumu na inashindana na meli ya mawese. Ukiipeleka ghalani Juni na ushuru ukashuka Juni hiyohiyo, mnada utakutangazia hasara kwa kipaza sauti.

MamaChipsi_Mbagala

😂 Basi hiyo ya kulegea na kurudi yenyewe naikubali. Kwa sharti mniletee yaliyosafishwa. Povu sitaki.

Ekari_Sita

Mwambie Mkamuaji, mimi naishia kwenye gunia. Na wewe Mkamuaji, kama mashine yako iko njia ya Misigiri nijibu. Nina gunia nne stoo tangu Juni nasubiri bei, na mbili panya wameshazifungua.