Fonti uliyoikuta kwenye kifaa cha kusomea: uliiacha au uliitoa? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, kwema? Miaka mitatu nimesomea Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, bila kugusa fonti, yaani mtindo wa herufi. Niliikuta Bookerly, nikaichukulia kama rangi ya kifaa chenyewe: umenunua hivyo, basi. Juzi binti yangu wa miaka minne kakishika, kagusagusa kioo, kunirudishia nakuta kitabu kimebadilika sura. Nikaanza kumgombeza. Nikasoma ukurasa, nikafungua wa pili, wa tatu, nikanyamaza. Alikuwa kaniwekea Palatino na kuachanisha mistari, na yale macho kuwasha niliyoyazoea ifikapo saa nne usiku sikuyasikia. Wewe je? Lete kisa chako, nadharia weka pembeni.

Mkongwe wa Kurasa
Bookerly imekuja 2015, mleta mada, wewe ni mtoto wa juzi. Sisi tulianza na Caecilia ya Mholanzi Peter Matthias Noordzij. Vikucha vya miguuni mwa herufi zake ni vinene kama matofali, na watu waliisema sana. Lakini ilikuwa na sababu. Vioo vya wakati ule vilikuwa na nukta 167 tu kwa inchi. Herufi yenye mistari myembamba ilifika pale imefifia, "e" na "c" unazitofautisha kwa kubahatisha. Caecilia ilivumilia. Siku hizi vioo vina nukta 300, hata fonti nyembamba inasomeka. Mimi Caecilia bado naitumia. Nikiwekewa nyingine naona kama maandishi yana njaa.

Nahau
Kisa changu kinahusu vitabu vya Kiswahili, na hapa naomba mnisikilize. Nilikuwa nalaumu fonti kumbe mchawi ni mwingine. Maneno yetu ni marefu: "hawakutuambia", "wanaotutegemea". Programu inanyoosha ukingo wa kushoto na wa kulia, neno refu halitoshi, linashushwa mstari wa chini, na yanayobaki juu yanatawanywa mpaka unapitisha kidole katikati. Ukikuza herufi ndiyo kabisa, mstari unabaki na maneno matatu yanayotazamana kwa mbali.

Halafu kuna kukata maneno mwishoni mwa mstari. Kitabu kimoja kilikuwa kinanikatia "wan-yama", sasa "wan" ni nani? Nikakifungua kwenye Calibre, programu ya kompyuta ya kupangia vitabu, nakuta ndani ya faili kimeandikwa kuwa ni cha Kiingereza, kwa hiyo kifaa kilikuwa kinakata kwa kanuni za Kiingereza. Nikabadilisha lugha kuwa Kiswahili, nikakipeleka upya, uchafu ule ukaisha. Mapengo nayo niliyaondoa kwa kupanga maandishi upande wa kushoto tu, kulia kuachwe kujiendee. Fonti ni ileile niliyoikuta. Nilikuwa nimeshajaribu saba.

Mleta mada
Saba! Leo usiku najaribu hiyo ya kushoto.

Sitaki Makuu
Mimi sijabadilisha na sibadilishi. Kitabu kikiwa kitamu sioni herufi.

Mama Wawili
@Sitaki Makuu hongera, wenzio tunaziona. Kijana wangu ana disleksia, ule ugumu wa kusoma maneno. Nilisikia kuhusu fonti ya OpenDyslexic, ile yenye herufi zilizonenepa chini kama zimekalia kitako. Nikaiwasha kwa matumaini makubwa mno. Ukweli niliokuja kuuona ni kwamba kilichomsaidia ni kukuza herufi na kuachanisha mistari. Siku moja nilimrudishia fonti ya mwanzo na nafasi zilezile, kasi yake ikawa ileile. Baadaye nikasoma kwamba hata watafiti wengi walioipima hawakuona ikiwazidisha watoto kasi. Ila yeye hataki kuiacha. Anasema "hii ni yangu". Nimemwachia, kusoma anasoma.

Fundi wa Faili
Kwa wenye Kobo, kifaa kingine cha kusomea: unaunganisha na kompyuta, unatengeneza folda inayoitwa fonts, unatupia fonti zako, unachomoa. Kindle mpya nazo zinakubali. Nilianza na Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa na Braille Institute ya Marekani 2019 kwa ajili ya wenye uoni hafifu. I kubwa, l ndogo na 1 hazifanani hata kidogo, na mimi nasoma vitabu vya hesabu, kwa hiyo hiyo ni neema.

Kosa langu: niliweka faili moja tu, la herufi za kawaida. Nikafika kwenye maneno ya italiki, yale ya herufi za mlazo, nakuta yamelazwa kwa nguvu, kama mtu aliyesukumwa ukutani. Fonti kamili inakuja na mafaili manne: ya kawaida, italiki, nzito, na nzito ya italiki. Weka yote.

Mgeni Jamvini
Samahani wakuu, mimi nabadilisha fonti na hakuna kinachobadilika. Simu mbovu?

Fundi wa Faili
Kitabu ni PDF?

Mgeni Jamvini
Ndiyo.

Fundi wa Faili
Basi simu nzima. Kwenye PDF kila herufi imeshapangiwa mahali pake, fonti haichezewi. Tafuta EPUB, aina ya faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga upya. Na hata ikiwa EPUB, angalia kama imewashwa fonti ya mchapishaji. Ikiwashwa, kitabu kinatumia kilichokuja nacho na chaguo lako linasubiri nje.

Mkongwe wa Kurasa
Mimi hiyo ya mchapishaji naizima kabla ya kusoma jina la mwandishi.

Mleta mada
Mrejesho: kupanga kushoto kumefanya kazi, @Nahau pokea maua yako. Siku ya kwanza ukingo wa kulia ulionekana kama umetafunwa na panya, siku ya pili nikausahau. Tatizo lililobaki ni la ndani ya nyumba. Kifaa tunatumia wawili, na kila asubuhi namkuta mwenzangu amerudisha Bookerly.