Hivi kura inaibiwa siku ya uchaguzi au inakuwa imeshaibiwa zamani?

Mlinda Lakiri: Wakuu habari za jioni. Tujadili bila matusi leo. Kila uchaguzi hapa Tanzania tunagombana kuhusu masanduku, mara begi la kura feki limekamatwa, mara taa zimezimwa, mimi naona hayo ni makombo. Mechi inaishia kwenye fomu za uteuzi. 2019 serikali za mitaa si mliona wenyewe, wagombea wa upinzani walikatwa nchi nzima, huyu kakosea kujaza, yule kaenda kurudisha fomu kakuta ofisi imefungwa mtendaji hayupo, Chadema wakasusa, CCM ikazoa asilimia 99 na ushee. Sa hapo karatasi ya kura unaiba ya nini? 2020 Waziri Mkuu pale Ruangwa alipita bila kupingwa. Mnaonaje?

Kichwa Maji: Kulialia tu. Fomu ya kurasa chache mnashindwa kujaza halafu mnataka mpewe nchi. Na hao mawakala wenu ndo wanawauza, wakala anapewa chai na maandazi anasaini matokeo hata hajasoma. Msisingizie chama.

Binti Saidi: We Kichwa Maji ungenyamaza tu. Mimi nilikuwa wakala 2020, kituo sikitaji. Nimefika saa kumi na moja alfajiri, barua ya utambulisho ninayo, kiapo nimeapa, msimamizi wa kituo ananiambia jina langu kwenye orodha yake halina H mwishoni na kwenye barua lina H kwa hiyo mimi sio mimi. Nimekaa chini ya mwembe hadi saa nne kasoro naangalia watu wanaingia wanatoka. Naruhusiwa kuingia nakuta sanduku limeshafungwa lakiri kitambo, na kazi ya kwanza ya wakala ni kuliona likiwa tupu kabla halijafungwa!! Hiyo chai unayoisema ni kweli ililetwa na sikuigusa, mana ukinywa utaenda chooni na ukienda chooni nani analinda kura? Nimebana mkojo mpaka usiku kwa ajili ya nchi yenu hii.

Kichwa Maji: Umesema chai. Maandazi je?

Kiguu na Njia: 😂😂 Jamaa katili

Mlinda Lakiri: Jamani turudi kwenye mada. Msimamizi wa uchaguzi jimboni alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, anateuliwa na Rais, na Rais huyo huyo ni mgombea. Mahakama Kuu Mei 2019 ikasema haifai, Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikawarudisha. Hilo hamlioni mnaona maandazi?

Mzee wa Kijiwe: Mimi namuunga mkono Kichwa Maji kidogo. Kama wakala analishwa na chama chake hawezi kushawishika na chai ya mtu. Vyama vya upinzani vinapeleka watoto wa watu vituoni na njaa tangu asubuhi mpaka usiku wa manane, hata nauli ya kurudi hawana. Hilo nalo semeni.

Binti Saidi: Mzee wangu shikamoo, lakini nani kakwambia nilitumwa kwa ajili ya posho? Tusivunjiane heshima.

Mtu wa Wete: Nyinyi wa bara kila siku mawakala, mawakala. Sisi 2015 mawakala walikaa hadi mwisho, fomu zikasainiwa, zikabandikwa ukutani watu wakapiga picha. Tarehe 28 Oktoba Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Zanzibar, akatokea kwenye tivii peke yake akafuta uchaguzi mzima wa Zanzibar. Na kura za Muungano zilopigwa skuli ile ile, foleni ile ile, wino ule ule kidoleni, hizo hazikuwa na kasoro, kesho yake Magufuli akatangazwa mshindi wa urais wa Muungano. Hebu niambieni mkono wa kushoto umeiba, wa kulia unasali?

Kichwa Maji: Maalim Seif, mgombea wa CUF, alijitangaza mshindi wakati kazi ya kutangaza ni ya tume. Na marudio ya Februari CUF walikimbia wenyewe.

Mtu wa Wete: Machi 20, 2016 sheikh, hata tarehe huijui. Walisusa, Shein wa CCM akapewa 91%. Na hujasema 2020 Jecha yule yule alikwenda kuchukua fomu ya CCM kuomba urais wa Zanzibar. Refa kamaliza mpira dakika ya 70, baada ya miaka kaja kuomba jezi.

Kiguu na Njia: Hili la Jecha kuchukua fomu nilidhani ni utani wa mtandaoni kumbe kweli 😳

Mzee wa Kijiwe: Alikuwa na haki kama Mzanzibari yeyote. Mwenye ushahidi aende mahakamani, kelele za humu hazisaidii.

Mlinda Lakiri: Mahakama ipi mzee? Ibara ya 41(7) ya Katiba, tume ikishamtangaza Rais hakuna mahakama inayoruhusiwa kuchunguza. Mahakama ya Afrika ilishasema 2020 kwamba hiyo ibara inavunja haki za watu, na Rais wa mwaka huo akatangazwa vile vile. Ndo maana nasema wizi mkubwa umeandikwa, una namba za ibara, una mihuri. Anayebeba begi la kura usiku ni mbwembwe zake tu, anataka cheo.

Mtu wa Wete: Hapo kwenye begi sikubali, ukisema ni mbwembwe unawatukana watu walopigwa kwa kulizuia.

Mlinda Lakiri: Sijamtukana mtu, soma vizuri.

Mtu wa Wete: Nimesoma. Umesema makombo, na sasa mbwembwe.

Kichwa Maji: Binti Saidi bado hajajibu. Ulikula hukula?

Binti Saidi: Yalikuwa mawili. Moja nililila, saa kumi jioni, kavu, bila chai. La pili nilimpa polisi wa mlangoni, naye hakuwa amekula tangu usiku.