Nyika za sejibrashi Marekani: ng'ombe watolewe au waachwe?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Niko Boise, Idaho, na huku kila kiangazi moshi ukitanda maneno yanaanza upya, wengine wanasema ng'ombe watolewe kwenye ardhi ya serikali, wengine waongezwe wamalize nyasi moto ukose cha kuchoma. Mimi naona kikubwa ni ng'ombe wanakula lini na wapi.

Sejibrashi ni kile kichaka cha kijivu, ukifikicha jani harufu inabaki vidoleni siku nzima. Ile aina yake kubwa ikiungua ndo basi, haichipui kutoka kwenye kisiki, inasubiri mbegu, na mbegu zinadondoka palepale karibu na mama, kwahiyo eneo kubwa likiungua inaweza kupita miongo kadhaa halijarudi. Katikati ya vichaka kuna nyasi za asili zinaota mafungu mafungu, sasa hizo zikiliwa kila mwaka wakati ndo zinakua zinadhoofika, panabaki mapengo, na hapo inaingia chitigrasi, nyasi ya kigeni iliyofika huku karne ya 19, inawahi kuota, inawahi kunyonya maji, mwezi wa sita imeshakauka na mbegu zake zimejaa kwenye soksi zako. Moto ukipita yenyewe inarudi fasta, nyingi kuliko mwanzo. Moto wa Martin kule Nevada 2018 ulikula ekari kama 435,000!

Mchangiaji: Mkuu hapo unawaonea ng'ombe. Ukame je? Mvua ikiwa nzuri nyasi zinajaa, mwaka unaofuata jua likiwaka ndo kuni zenyewe hizo, na miche ya sejibrashi inakufa kwa kiu hata pasipokuwa na kwato. Halafu ukiwatoa ng'ombe leo, chitigrasi itaondoka?

Mleta mada: Haiondoki kaka, hapo tuko pamoja, ndo maana sisemi watolewe wote. Palipokwisha kuwa chitigrasi tupu waingizwe mwezi wa kumi au wa kumi na moja, nyasi za asili zimelala, wale yale makavu kuni zipungue. Lakini pale ambapo nyasi za asili bado zimesimama, na ule ukoko wa juu ya ardhi, wa kuvumwani (laikeni) na vimea vidogo vidogo, bado umeshika udongo, kwato zinaupasua na kuurudisha ni miaka mingi sana, pale mimi sikubali wajazwe. Ukame ukianza watoke mapema, na palipoungua papumzishwe angalau misimu miwili. Najua mwenye ranchi atauliza awapeleke wapi muda wote huo, na nyasi za kununua ni hela nyingi, familia inakula hapohapo, kwa kweli hili linaniumiza kichwa. Mliofuga humu, mwaka wa ukame mnahamisha mifugo kwa kuangalia tarehe au kwa kuangalia nyasi ilivyobaki?